Harambee ya Kusomewa Bajeti: Wito kwa Wana Wundanyi wa Nyumbani na wa Mbali

Kwenu akina mama na baba wa sokoni, vijana wa bodaboda, walimu, waumini wa makanisa na misikiti yetu, na ndugu zetu mlioko Voi, Mombasa, Nairobi na Ghuba,

Tunawasalimu nyote. Harambee yetu itafanyika tarehe 27 Desemba, wengi wenu mkiwa mmerudi nyumbani kwa Krismasi, kuanzia saa nane mchana uwanja wa soko. Tunahitaji shilingi 142,000. Kwenye kisanduku cha kikundi chetu tayari zimo 37,000, kwa hiyo tunawaomba 105,000.

Tuseme mapema ili mtu asije akauliza siku ile: pesa hizi hazijengi kitu. Hakuna jiwe la msingi, hakuna mabati, hakuna utepe wa kukatwa. Tunachanga ili watu wa soko hili wasomewe bajeti ya kaunti yetu ya Taita Taveta kwa Kiswahili, mapema, hapo hapo wanapouzia, kisha wapate nauli ya kwenda kwenye kikao cha bajeti kusema wanachotaka.

Harambee tumeijua tangu enzi za Mzee Kenyatta, na neno lenyewe liko kwenye nembo ya taifa. Sekondari nyingi za vijijini nchini zilianza kama shule za harambee, na wazazi wetu walizijenga kwa mawe waliyobeba wenyewe. Hatuwadharau. Ila wakati ule serikali ilikuwa na uhaba, na leo mambo yamebadilika. Tangu 2013 tuna kaunti, na Katiba ya 2010 imeiorodheshea kazi zake kwenye Jedwali la Nne: masoko, afya ya msingi, chekechea, barabara za kaunti, maji, machinjio. Katiba hiyo hiyo inasema kaunti zote kwa pamoja zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mapato hayo ni kodi tunazolipa sote, na mama anayekata tikiti ya soko alfajiri anachangia tena kutoka mfukoni mwake. Sasa jioni tukimjia na bahasha ya kuchangia choo cha soko, tunamtoza mara ya tatu. Mimi kama katibu wa kikundi nimeona haya kuibeba bahasha ya namna hiyo, na wenzangu vilevile.

Njia ya kupata choo, taa na mtaro ipo, na iko wazi kisheria. Shida ni kalenda. Wengi wetu tunaijua bajeti ya kaunti kwa mkutano mmoja tu, ule wa mwezi wa nne au wa tano, makadirio yakishapelekwa bungeni. Kumbe safari huanza mbali. Kufikia tarehe 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unatakiwa uwe umefika bunge la kaunti, na mradi usiokuwa na mizizi humo hupata taabu baadaye. Kufikia tarehe 28 Februari unafika waraka wa mkakati wa fedha, ndio unaopanga kila idara ipewe kiasi gani. Makadirio yenyewe yanakuja kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo anayesimama mwezi wa tano kuomba choo anafika sufuria limeshaepuliwa. Atasikilizwa kwa heshima, jina lake litaandikwa kwenye karatasi ya mahudhurio, lakini mafungu yalikwisha kugawanywa.

Baada ya bajeti kuna Mswada wa Fedha, na huu ndio unaomgusa mtu wa soko moja kwa moja. Ndani yake mna ada ya kila kibanda, ada ya gunia, ya debe, ya lori linaloshusha, ya kibali cha biashara, ya pikipiki kuegesha. Hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupita. Anayelalamika mbele ya kanjo, yaani askari wa kaunti, kwamba ada imepanda anamlalamikia mtu ambaye hakuipanga. Ada hizo zina kikao chake, na wananchi wana haki ya kuwamo: kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi.

Hatumlaumu mtu hapa. Mwenye nyanya haendi mkutanoni siku ya soko, kwa sababu nyanya hazingoji. Mtu wa Kishushe hawezi kupanda hadi mjini kwa maneno tu, nauli ni pesa. Halafu nyaraka zenyewe, si hapa tu bali kaunti nyingi nchini, huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, majedwali juu ya majedwali. Hata mwalimu mstaafu anavua miwani na kuifuta mara mbili. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, lakini tafsiri haijifanyi yenyewe. Kuna mtu lazima akae nayo.

Basi tumeamua kukaa nayo. Walimu wastaafu watatu na wanafunzi wa chuo walioko likizoni wamejitolea kusoma kila waraka, kutoa yanayohusu wadi zetu nne za Wundanyi/Mbale, Werugha, Wumingu/Kishushe na Mwanda/Mgange, na kuyaandika kwa Kiswahili cha kawaida katika kijitabu cha kurasa 8. Watu hawa hawalipwi. Kamati nayo haina posho, wala chai, labda mama ntilie akituonea huruma.

Pesa zinaendaje? Kunakili ukurasa mmoja ni shilingi 5, kijitabu kizima 40. Tukitoa nakala 200 kwa kila hatua nne za bajeti, ni 32,000. Spika ya kuchaji yenye vipaza sauti viwili, ya kusomea sokoni, tumepata bei ya 28,000. Hii tumeibishania sana, wapo waliosema tutaazima ya kanisa, lakini siku ya soko ikigongana na mazishi tutabaki kupiga kelele kwa mikono mdomoni. Mbao nne za matangazo, moja kila wadi, za chuma na kijipaa cha kuzuia mvua, ni 38,000. Mvua ya milima hii mnaijua, karatasi iliyobandikwa ukutani haimalizi wiki. Nauli za wawakilishi kutoka vijiji vya mbali, 24,000 kwa mwaka. Na 20,000 ni ya mkalimani wa lugha ya ishara kwa vikao vinne, kwa sababu tuna wenzetu viziwi wanaofanya biashara hapa na hawajawahi kuulizwa lolote.

Fungu hilo la mwisho lilileta maneno kamatini. Mmoja alisema viziwi ni wachache. Tulimjibu kwamba wanalipa ada ile ile.

Hatuna mgeni wa heshima. Tunawaomba radhi waliozoea kumwona mheshimiwa akishuka kwenye gari na bahasha. Mwakilishi wadi na maafisa wa kaunti wanakaribishwa kama wakazi wengine, wakae kwenye benchi, wachange kadiri ya mifuko yao, wasikilize. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya 2003 ilimkataza mtumishi wa umma kutumia cheo chake kuwabana watu wachange, na sisi kwa upande wetu hatupendi kikundi kinachouliza maswali ya bajeti kiwe na deni kwa wale kinaowauliza. Kwa sababu hiyo mchango wa mtu mmoja hautazidi shilingi 10,000, awe nani.

Hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa soko, risiti kwa risiti, na mweka hazina atazisoma kwa spika ile ile siku ya soko. Atakayeona kosa aseme pale pale. Na kama kuna waraka wa kaunti ambao hatujaupata, tutauomba kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Barua ya mfano itakuwa ndani ya kijitabu, kila mtu aweze kuandika yake.

Kwa nini sasa? Kwanza, Februari iko karibu, na waraka wa mafungu unakuja nayo. Pili, mpango mkubwa wa kaunti, ule wa miaka mitano, ulio mkononi sasa ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata utaandaliwa karibuni, na kitakachoingia humo kitaamua soko hili litakuwaje hadi watoto walioko darasa la kwanza wakaribie sekondari. Tungependa watu wa kabichi, ndizi, parachichi na makadamia wawemo kwenye ukumbi tangu siku ya kwanza, wakiwa na kijitabu mkononi na swali lililoandikwa.

Asiye na pesa asibaki nyumbani. Tunahitaji wanaojua kusoma majedwali, hasa ninyi wahasibu mlioko Mombasa na Nairobi, saa chache tu kwa simu zinatosha. Tunahitaji fundi wa kuchomelea mbao za matangazo kwa bei ya kindugu. Tunahitaji vijana wa bodaboda watakaopeleka vijitabu Mgange na Kishushe wanapoelekea huko kwa shughuli zao. Na akina mama wa vibanda mkiruhusu dakika 20 za kusoma kabla ya soko kuchangamka, huo nao ni mchango.

Walio mbali watume kupitia jamaa aliyeko hapa, jina liandikwe kwenye daftari na risiti itolewe siku hiyo hiyo. Walio karibu wafike kwa mweka hazina, kibanda cha nafaka upande wa juu wa soko, kila siku ya soko hadi tarehe 27. Vitu vya mnada vinapokelewa siku yenyewe kuanzia saa sita: maharagwe, mikungu ya ndizi, kabichi, mayai. Jogoo waletwe wamefungwa miguu, na mwenye jogoo aandike jina lake kwenye karatasi, maana mnunuzi humrudisha jogoo wakati mwingine auzwe tena na tunahitaji kujua tumshukuru nani.