Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Ufunguo wa Kabati Uachwe Ukumbini

Kwa Mkurugenzi anayesimamia ukumbi wa maonyesho ya sayansi,
Kisumu.

Mheshimiwa,

KUH: SKRINI ZA WATOTO

Pokea salamu zetu, sisi walimu wa sayansi na mafundi wa michezo ya kompyuta. Februari ulisimama mbele ya wazazi ukaahidi kwamba skrini nne za michezo ya sayansi zilizo ukumbini zingekuwa zikifanya kazi kabla ya muhula wa pili. Muhula huo sasa unaisha. Alhamisi iliyopita watoto 40 waliteremka basini wakakuta inayowaka ni moja. Mbili zilikuwa zikitafuta intaneti, ya nne nyeusi tititi. Mhudumu hakuweza kufanya lolote, maana ufunguo wa kabati lililo chini ya skrini umefungiwa ofisini mwako, nawe ulikuwa safarini. Wiki hiyohiyo likatoka tangazo la zabuni ya skrini sita zaidi.

Tunakusihi, usinunue hata moja kabla hizi hazijapona. Ugonjwa wa ile nyeusi unajulikana. Kompyuta ndogo iliyo kabatini huhifadhi kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu, na stima ikipotea wakati kadi inaandikwa, faili huharibika na mashine haiamki tena. Kwa hiyo kadi iwekwe katika hali ya kusomwa tu. Iwepo betri ya akiba ya kuishikilia mashine dakika 10 ili ijizime taratibu. Kadi ya pili, yenye nakala kamili, ikae kwenye droo ya mhudumu. Kuibadilisha ni kazi ya dakika tano kwa mwenye ufunguo. Zile mbili nyingine zinakwama kwa sababu mchezo huvutwa kutoka mtandaoni kila unapofunguliwa. Uwekwe wote ndani ya mashine, basi.

Hiyo moja inayowaka ndiyo inayotuuma zaidi. Inaanza kwa kumtaka mtoto aandike jina na barua pepe, kisha maelezo marefu kwa Kiingereza, kisha maswali 20. Mtoto aliyesimama huku wenzake wakimsukuma hasomi hayo. Anabonyeza ovyo, anaondoka, na anayefuata anakuta swali la 11. Skrini ikikaa sekunde 45 bila kuguswa ingepaswa kurudi mwanzo yenyewe. Tena imetundikwa sentimita 150 kutoka sakafuni, na mtoto wa gredi ya tatu ana kimo cha kama sentimita 130. Ishushwe, katikati yake iwe kwenye sentimita 95, na chini yake ibaki nafasi ya kuingiza kiti cha magurudumu.

Samaki waliomo ni samoni. Mbuta hayumo, ngege hayumo, omena hawamo, na Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria iko mlangoni petu. Tunadhani programu ilinunuliwa ikiwa imeshaundwa kwa ajili ya watoto wa kwingine.

Chukua gugu maji, mmea unaoelea na kutanda ziwani. Swali lililopo ni kwamba lilitoka bara gani. Mtoto akijibu Amerika Kusini anapata alama, na hajaelewa kwa nini boti za wavuvi hukwama. Mchezo wa kweli ungempa ghuba yenye mmea mmoja. Katika hali nzuri gugu huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo kila raundi iwe wiki mbili: baada ya raundi 10 ana mimea 1,024. Mwache ang'oe nusu kila raundi, aone kwamba idadi haipungui. Hapo atanyamaza kidogo, kisha atauliza kwa nini, na swali hilo ndilo somo. Wacheze watoto watatu pamoja, kila mmoja na kitufe chake kikubwa: mmoja ang'oe, wa pili aachilie fukusi, wadudu wanaokula majani yake, kama walivyoachiliwa ziwani miaka ya 1990, wa tatu apunguze mbolea na majitaka yanayolilisha gugu. Kitufe kikivunjika hufunguliwa na kubadilishwa peke yake. Kioo cha kugusa kikipasuka, skrini nzima imekwenda.

Raundi moja ichukue sekunde 12, mchezo mzima dakika mbili. Watatu watatu kwenye skrini nne, watoto 40 watamaliza zamu zao katika dakika nane, tisa hivi. Kwa huu wa sasa, wa mtoto mmoja kwa dakika sita, hata skrini zote zikiwaka wangehitaji saa nzima, na basi halisubiri.

Kabla ya kulipa fundi yeyote, mchezo ujaribiwe kwa karatasi za manila: vitufe vichorwe, mtu mzima azibadilishe karatasi kwa mkono, watoto watano wacheze. Asiwaelekeze mtu. Kila mtoto atakapouliza "nibonyeze wapi?", pana kosa la kurekebisha, na siku hiyo kosa hilo hurekebishwa kwa kalamu. Tuko tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo, alasiri yoyote utakayotufungulia ukumbi.

Zabuni isimame. Na kama hilo ni zito, Mheshimiwa, tunaomba dogo: basi jingine linakuja Jumatatu. Ufunguo wa kabati akabidhiwe mhudumu kabla halijafika.

Wako katika elimu,
Walimu wa sayansi na mafundi wa michezo, Kisumu