Mbolea ya bonsai: jamani urea hapana

Habari za jioni wanagrupu, naona watu mnaulizia mbolea ya bonsai (vile vimiti vidogo vya kwenye vyungu) kila siku kwaiyo naandika mara moja. Urea wekeni mahindini, kwenye bonsai inarefusha matawi na majani yanakua makubwa mpaka mkwaju wako wote unaharibika shepu, na mbolea mbichi ya kuku ndo usiguse kabisa, kachungu kale kadogo mizizi inaungua fasta (mimi nishaua mbuyu wangu hivyo, bado unaniuma).

Wajapani wanatumia mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) ya rapa, mmea wa mbegu za mafuta, sisi Dodoma alizeti imejaa, mashudu yapo mashine yoyote ya kukamulia mafuta. Chukua vikopo vitatu vya mashudu na kimoja cha unga wa mifupa, weka maji kidogo yashikane, funika kwenye ndoo kama mwezi hivi, na iweke mbali na dirisha la jirani maana harufu yake mh! Alafu finyanga vidonge, anika, panga juu ya udongo pembeni mbali na shina. Mti uliotoka kubadilishiwa udongo subirini kwanza mwezi, na udongo mkavu usitiwe mbolea, mwagilia kwanza. Wenye kuku hivyo vidonge vifunikeni na neti, wanavidonoa hao.