Watoto wapewe kitu cha kuulizana kwa Kiingereza, kuitikia hakutoshi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu somo la Kiingereza kwenye shule zetu za msingi za serikali. Mimi ni mwalimu wa somo hilo darasa la tatu na la nne huku Kahama na hili jambo linaniuma kwakweli.

Madarasa mengi ukipita leo utasikia mwalimu kanyanyua kalamu juu anauliza "What is this?" na darasa zima linaitikia "This is a pen". Wanaitikia vizuri mpaka unafurahi, ila kalamu kila mtu anaiona, mwalimu anajua jibu na watoto wanajua kwamba anajua, sasa hapo nani anamwambia nani kitu? Mtoto anaenda hivyo hivyo mpaka la saba, mtihani wenyewe maswali mengi ni ya kuchagua jibu, anafaulu, anaingia kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza na yeye ananyamaza kimya. Wala sio jambo la jana, mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd walishaandika ripoti kwamba wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania Kiingereza chao hakitoshi kufuata masomo.

Mimi siku hizi nafanya duka. Nakusanya maboksi ya kiberiti, vipande vya sabuni, makopo matupu, watoto wenyewe wanaleta kutoka nyumbani. Dawati la mbele linageukia dawati la nyuma, basi, hakuna kuhamisha kitu hata kama darasa limejaa. Wa mbele ndo wenye duka, wana karatasi yenye bei, wa nyuma wana karatasi ya vitu vya kununua na hela waliyonayo, na hakuna ruhusa kuonyeshana karatasi. Hapo mtoto lazima aulize "How much is the soap?" maana bei haijui kabisa, na akisikia vibaya hela haitotosha, kwahiyo anauliza tena, mwenzie anarudia polepole, wanabishana, wanacheka, na kile Kiingereza kinatumika. Nilikuwa na binti mmoja haongei darasani hata umwite mara ngapi, siku ya duka nilimkuta anamkatalia mwenzie "No, no, five hundred!" huku kashika boksi la kiberiti hataki kuliachia.

Mtoto akisema "How much the soap" simkatishi. Naandika pembeni, mwisho wa kipindi naandika ubaoni bila kutaja jina tunarekebisha wote, ukimkatisha pale pale kesho hatofungua mdomo.

Kwa wadogo kabisa kuna njia rahisi zaidi, ile aliyoieneza James Asher wa Marekani kuanzia miaka ya 1960, mwalimu anatoa amri na watoto wanatenda, simama, gusa mlango, mpe rafiki yako daftari, wanasikiliza na mwili unajibu kabla ya mdomo. Haina gharama yoyote. Na mtaala ulioanza 2024 umeleta Kiingereza mpaka darasa la kwanza, sasa wale wa miaka sita tutawapa sarufi ya kunakili?

Kuna shule bado mtoto akiongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni au anachapwa. Walimu wenzangu naomba tuache hiyo kitu. Mtoto anachojifunza pale ni kukaa kimya, na kumuonea aibu mwenzie, tena kwa lugha anayoongea na mama yake au anayoongea na majirani!

Sasa kinachotukwamisha wengi. Mwalimu akifanya duka darasa lina kelele, mkuu anachungulia dirishani anadhani hamna mwalimu. Na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija kukagua wanaomba andalio la somo na madaftari, wanahesabu mazoezi yaliyosahihishwa, ile nusu saa watoto walivyoongea haionekani kwenye daftari kwahiyo ni kama haikuwepo, ndo maana mwalimu anaona bora ajaze ubao watoto wanakili mpaka kengele. Simlaumu. Naomba wathibiti ubora wakija wakae dawati la nyuma kabisa wasikilize watoto wawili wakiulizana, dakika kumi tu, halafu ndo wafungue daftari.

Na vipindi vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, vipo shuleni tayari, badala ya kusomeana moduli tu tukae walimu wa Kiingereza tuandike hizo karatasi za bei, za ramani, za picha mbili zenye tofauti, tuzigandishe kwenye karatasi ngumu za maboksi zidumu mwaka mzima, tubadilishane shule na shule ndani ya kata. Mkasi, gundi na maka peni vinatosha kuanza.

Mwalimu wa Kiingereza, shule ya msingi,
Kahama, Shinyanga