LeTV haikuuawa na gari

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuanguka kwa LeTV, kampuni ya Beijing iliyokuwa ikionyesha filamu na tamthilia mtandaoni, imerudia kisa kinachopendwa na wengi: Jia Yueting alikuwa na kampuni nzuri ya video, akapagawa na magari ya umeme, gari likameza kila kitu. Ni kisa kitamu, ila kimeanzia mwishoni. Gari lilikula makombo. Tundu lilikuwamo kwenye vitabu vya hesabu tangu kampuni haijaingia soko la hisa, na sehemu kubwa ya tundu hilo ilikuwa imechapishwa wazi katika ripoti za mwaka, kwa yeyote aliyekuwa na subira ya kuvuka kurasa za picha.

Tusimnyime mtu haki yake kwanza. Jia alianzisha LeTV mwaka 2004, zama ambazo tovuti nyingi za video China ziliishi kwa kazi za wizi. Yeye alinunua haki za kuonyesha mtandaoni wakati wauzaji wenyewe waliziona kama takataka. Ilipofika 2009, serikali na wenye hakimiliki wakaanza kubana uharamia, bei za haki zikapaa, na LeTV ikajikuta na ghala lililojaa. Ikawa inawauzia washindani wake kile walichokuwa wakikichukua bure. Hiyo ni biashara halali na ya akili.

Tarehe 12 Agosti 2010 kampuni iliorodheshwa kwenye bodi ya ChiNext, sehemu ya Soko la Hisa la Shenzhen kwa kampuni zinazochipukia, hisa ikiuzwa yuani 29.20, na ikakusanya yuani milioni 730. Hapa ndipo swali la kwanza lilipotakiwa kuulizwa. Bodi ile iliitaka kampuni iwe imepata faida kabla ya kuingia. Youku, tovuti shindani ya video iliyokuwa na watazamaji wengi kupita LeTV kwa mbali, haikuwa na faida, ikalazimika kwenda New York Desemba mwaka huohuo. Iweje mdogo apate faida kwenye biashara inayomtia hasara mkubwa?

Jibu lina nusu mbili. Nusu ya kwanza ilikuwa halali, nayo ni namna ya kugawa gharama za hakimiliki. Tuseme umenunua haki za tamthilia kwa yuani milioni 50 kwa miaka mitano. LeTV iligawa sawa kwa sawa: milioni 10 kila mwaka. Lakini tamthilia haitazamwi hivyo. Watazamaji wengi huja miezi ya mwanzo, matangazo ya biashara huja nao, na ukifika mwaka wa tatu imebaki ya kuokoteza. Youku ilibebesha mwaka wa kwanza sehemu kubwa ya gharama, hivyo ikaonekana na hasara. LeTV ilibeba kidogo, ikaonekana na faida, na gharama iliyobaki ikakaa kwenye mizania kama mali. Ubaya wa njia hii ni kwamba haikuruhusu kusimama: gharama za tamthilia zilizokwisha kusahaulika zinaendelea kukujia kila mwaka, nawe unahitaji mapato mapya makubwa zaidi ya kuzifunika.

Nusu ya pili ilikuwa uongo mtupu. Aprili 2021 ofisi ya Beijing ya mdhibiti wa masoko ya mitaji ilitoa uamuzi kwamba LeTV ilipika hesabu miaka kumi mfululizo, kuanzia 2007 hadi 2016. Yaani hata hesabu zilizoiingiza sokoni zilikuwa zimepikwa. Mbinu zenyewe hazikuwa za ajabu. Kabla ya kuorodheshwa, kampuni iliandika mauzo yasiyokuwepo, kisha fedha zikazungushwa kupitia akaunti zilizokuwa mikononi mwa Jia ili zionekane zimelipwa na wateja. Baadaye, kuzungusha fedha kulipokuwa mzigo, ikaandika mikataba ya matangazo ambayo hakuna aliyeilipia, na deni likaachwa likae miaka kwenye safu ya wadaiwa. Kulikuwa pia na kubadilishana matangazo: wewe nitangazie, mimi nikutangazie. Upande wa mapato ukaandikwa, upande wa gharama ukasahauliwa. Faini ya kampuni ilikuwa yuani milioni 240.6, na ya Jia mwenyewe milioni 241.2. Sehemu kubwa ilitokana na yuani bilioni 4.8 zilizochangishwa mwaka 2016 kwa kuuza hisa mpya kwa kutumia hesabu hizohizo.

Sasa tuje kwenye runinga, ambazo makala yenu ilizigusa kwa sentensi moja. Mei 2013 LeTV ilizindua runinga yake ya inchi 60, X60, kwa yuani 6,999, ikiundwa na Foxconn, kampuni inayowaundia wengine vifaa vya umeme, na ndogo ya inchi 40 kwa yuani 1,999. Mnunuzi aliongeza ada ya yuani 490 kwa mwaka ili apate filamu na tamthilia. Mpango ulikuwa kupoteza kwenye chombo na kurudisha kwenye ada na matangazo. Watazamaji waliipenda, na kusema kweli kwa bei ile ilikuwa runinga nzuri.

Lakini angalia hasara ilikaa wapi. Runinga ziliuzwa na kampuni tanzu, Leshi Zhixin. Kampuni mama iliyoko sokoni ilimiliki karibu asilimia 60 tu. Zilizobaki zilikuwa za wanahisa wengine, Jia na kampuni zake wakiwemo. Kwa kanuni za uhasibu, kampuni tanzu ikipata hasara ya yuani 100, kampuni mama hubeba kama 60 na 40 huandikwa kwa wanahisa wengine. Sasa weka ada za watazamaji kwenye kampuni mama, weka gharama za vioo na vipuri kwenye kampuni tanzu, halafu angalia mstari wa mwisho. Mwaka 2014 kundi zima, yaani kampuni mama na tanzu zake, lilipata faida baada ya kodi ya yuani milioni 129, lakini sehemu ya wanahisa wa kampuni mama iliandikwa milioni 364. Mwaka 2015, milioni 217 dhidi ya milioni 573. Mwaka 2016 kundi zima lilipata hasara ya milioni 222, na wenye hisa wakaambiwa kwamba wao wamepata faida ya milioni 555! Magazeti yalichapa 555.

Kuna mstari mwingine wa kutazama kwa karibu. Mwaka 2015 faida kabla ya kodi ilikuwa yuani milioni 74. Baada ya kodi ikawa 217. Kwa kawaida kodi hupunguza, hapa iliongeza. Sababu ni kwamba hasara ya leo inaweza kuandikwa kama mali, kwa kutegemea kwamba kesho kampuni itapata faida na kupunguziwa kodi. Kanuni inaruhusu, lakini mkaguzi hutakiwa kujiridhisha kwamba hiyo faida ya kesho itakuja kweli. Kwa kampuni inayouza runinga kwa hasara makusudi, hilo lilikuwa tumaini lililopigwa muhuri.

Wapo waliosema mapema. Juni 2015 Liu Shuwei, mtaalamu wa fedha wa chuo kikuu jijini Beijing ambaye mwaka 2001 aliifichua kampuni ya Lantian iliyokuwa ikipika hesabu, aliandika kwamba LeTV haiwezi kuendelea na uchomaji ule wa fedha. Alishambuliwa vikali. Mwezi mmoja kabla, thamani ya kampuni sokoni ilikuwa imevuka yuani bilioni 150, na mtu aliyepata faida hapendi kuelezwa habari za wadaiwa na kodi.

Mwaka huohuo Jia aliuza hisa zake za zaidi ya yuani bilioni 5, akaahidi kuikopesha kampuni fedha hizo bila riba. Alikopesha kweli, kisha akazirudisha kwake. Hisa alizobaki nazo aliziweka rehani karibu zote. Rehani ya hisa ni mtego unaobana polepole. Benki inakukopesha sehemu tu ya thamani ya hisa. Bei ikishuka, inataka uongeze dhamana au ulipe. Ukiwa umekwisha kuweka zote, huna cha kuongeza, na benki ikiuza, bei inashuka zaidi. Njia pekee ni kuhakikisha bei haishuki, na njia pekee ya kuhakikisha hivyo ni kutangaza jambo jipya kila baada ya wiki chache.

Ndiyo maana matangazo hayakukoma. Simu zikaja Aprili 2015, na kampuni ikatangaza hadharani gharama za vipuri vyake ili ionyeshe haitafuti faida. Oktoba ikanunua asilimia 70 ya kampuni ya usafiri ya Yidao. Kitengo chake cha michezo kikachukua haki za Ligi Kuu ya China kwa yuani bilioni 2.7 kwa misimu miwili, na hakikuumaliza mkataba. Julai 2016 ikatangaza kuinunua Vizio, kampuni ya runinga ya Marekani, kwa dola bilioni 2. Aprili 2017 mpango ukavunjika. Gari nalo lilikuwa mojawapo ya haya, la gharama zaidi kuliko mengine, lakini lilikuwa kwenye kampuni binafsi za Jia. Kilichoiumiza LeTV ni kwamba kampuni hizo binafsi zilikuwa wateja wake wakubwa na hazikulipa. Deni lao lilifika takriban yuani bilioni 7.

Wa kwanza kuchoka ni wazabuni wa vipuri vya simu. Mtengenezaji wa simu hupokea vipuri kwa mkopo wa miezi kadhaa, anauza, halafu analipa. Ukiuza kwa bei iliyo chini ya gharama, siku ya kulipa fedha haitoshi, hivyo unaagiza mzigo mkubwa zaidi ili mauzo mapya yalipe mzigo wa zamani. Mzunguko unakwenda mradi mauzo yanakua. Vuli ya 2016 wazabuni waligoma kupeleka mzigo, na tarehe 6 Novemba Jia akawaandikia wafanyakazi kwamba kampuni imekimbia kupita uwezo wake wa fedha, na kwamba yeye atalipwa yuani 1 kwa mwaka.

Januari 2017 Sun Hongbin, mwenye kampuni ya nyumba ya Sunac, aliingiza yuani bilioni 15.04. Hazikutosha. Mwishoni mwa Juni mahakama ya Shanghai ilizuia mali za Jia, mkewe na kampuni zake zenye thamani ya yuani bilioni 1.237 kwa ombi la China Merchants Bank. Tarehe 6 Julai Jia alijiuzulu uenyekiti; alikuwa Marekani. Desemba mdhibiti alimwamuru arudi China kabla mwaka haujaisha. Hakurudi.

Hisa zilikuwa zimesimamishwa kuuzwa tangu Aprili 2017. Zilipofunguliwa Januari 24, 2018, zilishuka kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa, asilimia 10, siku 11 mfululizo, kutoka yuani 15.33 hadi chini ya 5. Wengi waliotaka kuuza siku ya kwanza hawakuweza, maana hakukuwa na mnunuzi. Hesabu za 2017 zilipotoka zilionyesha hasara ya yuani bilioni 13.9, kwa kuwa safari hii madeni yasiyolipika yalifutwa na mali za kwenye karatasi zikaandikwa kwa thamani yake halisi. Sun alishaondoka Machi 2018. Julai 2020 hisa ilitolewa sokoni, bei ya mwisho ikiwa yuani 0.18.

Kwa wasomaji wenu wanaoshika ripoti ya kampuni yoyote ya aina hii, pa kuanzia si ukurasa wa faida. Fungua mtiririko wa fedha taslimu uone kama fedha za wateja zinaingia kweli. Linganisha faida kabla na baada ya kodi, kisha faida ya kundi na faida ya wenye kampuni mama. Namba zikipishana sana, soma maelezo ya chini hadi ujue kwa nini. Tafuta nani wanadaiwa, na kama majina yao yanarudi kwenye orodha ya kampuni za mwenyekiti. Mwisho tafuta hisa za mwenyekiti zilizowekwa rehani. Haya yote yaliandikwa kwenye ripoti za LeTV, kwa herufi ndogo. Mikataba ya matangazo ya uongo isingeonekana kwa njia hii, hilo tunakubali, ila wingi wa wadaiwa wasiolipa ungeonekana.

Marekebisho mengine mawili madogo. Mliandika kwamba wawekezaji hawakupata hukumu yoyote. Septemba 2023 Mahakama ya Fedha ya Beijing iliamuru LeTV iwalipe wawekezaji wapatao 2,000 jumla ya yuani bilioni 2.04, na Jia awajibike pamoja nayo. Kulipwa ni shauri lingine, kwani mdaiwa mmoja hana kitu na mwingine yuko California.

Pia mliandika kwamba LeTV imekufa. Haijafa. Mwaka 2021 programu yake ya simu ilibadilisha nembo na kuweka maneno yanayosema inadaiwa yuani bilioni 12.2, na mwanzoni mwa 2023 ikatangaza wiki ya kazi ya siku nne na nusu kwa wafanyakazi mia chache waliobaki. Sehemu ya kipato chake bado inatokana na tamthilia za zamani ilizonunua wakati haki za mtandaoni zilipokuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa.