Namwomba nani kati ya hao watatu?

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika hapa wiki iliyopita kwamba teolojia ni ya mapadre na maprofesa, sisi wengine inatutosha imani ya moyoni. Mimi ni katekista, mwalimu wa dini kanisani, huku Mbagala, naomba nibishe kidogo.

Mwezi uliopita jumuiya zetu ndogo ndogo zililetewa mtoa semina. Alichora pembetatu ubaoni, akafafanua nafsi tatu za Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, saa nzima, feni ikizungusha joto lile lile. Alipouliza nani ana swali, akasimama mama mmoja muuza vitumbua: "Mwalimu, mwanangu akishikwa na homa saa nane usiku, namwomba nani kati ya hao watatu?" Watu wakacheka. Mtoa semina naye akacheka, akasema hilo tutalizungumza baada ya chai. Chai ikanywewa, ikaisha, kimya.

Kumbe swali la mama linagusa kilekile kilichowakutanisha maaskofu mjini Nisea mwaka 325. Ario, padre wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana, yaani Yesu, ameumbwa. Athanasi, wa mji huohuo, akambana miaka na miaka: kiumbe atawaokoaje viumbe wenzake? Na mbona Wakristo walikuwa tayari wanabatiza kwa jina la Mwana na kumwomba? Sala ilitangulia, maneno ya wasomi yakafuata. Ubishi wenyewe ulifika sokoni. Gregori wa Nisa, askofu wa karne hiyohiyo, alilalamika kwamba Konstantinopoli ukiuliza bei ya mkate, unajibiwa kuwa Baba ni mkuu kuliko Mwana. Hebu mfikirie konda wa daladala ya Kariakoo akikudai nauli kwa mtindo huo!

Kila Jumapili kwenye Nasadiki, kanuni ya imani yenye mizizi huko Nisea, tunasema "mwenye umungu mmoja na Baba", mbio mbio, akili iko kwenye chakula cha mchana. Kwa yule mama maana yake ni kwamba akimwita Yesu saa nane usiku, hajaishia kwa mlinzi getini. Kafika kwa mwenye nyumba. Asiyefundishwa hilo ndiye anayeuziwa chupa ya maji ya upako na kuambiwa kuwa bila mtumishi fulani maombi yake hayafiki. Hapo imani ya moyoni peke yake, ndugu msomaji, itamsaidiaje?

Nilimweleza hivyo kesho yake alfajiri, akigeuza vitumbua. Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona yule hakusema?" Kisha akanifungia vitano kwenye gazeti. Lako, Mhariri, samahani.

Katekista,
Mbagala, Dar es Salaam