Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wote

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana, assalaam aleikum na Bwana asifiwe.

Katiba ya chama chetu hapa Ujerumani inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka kwa maandishi. Ilikuwa isomwe kwenye mkutano mkuu, lakini mkutano uliahirishwa kwa kukosa akidi, kwa hiyo naituma kwenu jinsi ilivyo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Idi na Krismasi tulizisherehekea pamoja. Darasa la Kiswahili la watoto liliendelea kila Jumamosi isipokuwa wakati wa likizo. Wafiwa walifikishiwa rambirambi kwa wakati. Mashindano ya bao yalifanyika, kodi ya ukumbi imelipwa. Nawashukuru katibu na kina mama wa jikoni.

Jambo lililozua maneno ni matembezi ya mwaka. Kwa pendekezo langu, kamati iliamua twende Mödlareuth, kijiji cha wakazi wapatao hamsini karibu na mji wa Hof, badala ya Korntal, karibu na Stuttgart, alikozikwa mmisionari Krapf. Imesemwa kwamba mwenyekiti aliamua peke yake, na kwamba fedha za chama zimetumika kwenda kuangalia mashamba na ukuta. Uamuzi umo kwenye muhtasari wa kikao na umetiwa sahihi na wajumbe watano kati ya saba. Kuhusu mashamba na ukuta, naomba mnisome kwa utulivu, kwa sababu wengi wa wanaolaumu hawakuwemo ndani ya basi.

Katikati ya Mödlareuth kunapita kijito kiitwacho Tannbach. Ni chembamba kiasi kwamba mtu mzima anakivuka kwa hatua moja. Mwaka 1810 kijito hicho kilikuwa mpaka kati ya Ufalme wa Bavaria na himaya ndogo ya Reuss, ambayo upande wake leo ni jimbo la Thuringia, na yakasimikwa mawe yenye herufi KB (Bavaria) upande mmoja na FR (Reuss) upande wa pili. Kwa zaidi ya miaka 130 mawe hayo hayakumzuia mtu. Shule na mkahawa wa kijiji vilikuwa upande wa Thuringia, kanisa lilikuwa Töpen upande wa Bavaria, na watu walioana na kulima bila kuulizana nani ni wa ng'ambo ipi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mstari huohuo wa kwenye karatasi ukatenganisha eneo la Wamarekani na la Wasovieti, na mwaka 1949 ukawa mpaka wa mataifa mawili: Ujerumani Magharibi upande wa Bavaria, na Ujerumani Mashariki upande wa Thuringia. Mwanzoni mwenye kibali aliweza kuvuka. Kisha ikaja amri ya serikali ya mashariki, Mei 1952: ukanda wa mita 10 ufyekwe mpakani, mita 500 ziwe chini ya ulinzi mkali, na kilomita 5 asiingie mtu bila ruhusa. Kijiji kikajengewa uzio wa mbao uliozidi kimo cha mtu, na mwaka 1966 ukaja ukuta wa zege wenye urefu wa mita 700 na kimo cha mita 3.3. Wa upande wa mashariki walikatazwa hata kuwapungia mkono jamaa zao waliosimama mbele ya macho yao. Wanajeshi wa Kimarekani wakakiita kijiji hiki Berlin Ndogo, na Februari 1983 George Bush, akiwa makamu wa rais wa Marekani, alikuja kukiona.

Ndugu mmoja aliuliza kwa nini tusingekwenda Berlin penyewe. Berlin ilijengewa ukuta mwaka 1961. Wanakijiji hawa walizungushiwa uzio miaka tisa kabla. Na ukiwa Berlin unaona vipande vya ukuta vilivyobaki katikati ya mji mkubwa, wakati Mödlareuth mpango mzima wa kuzuia watu mpakani umehifadhiwa pamoja, hatua kwa hatua, kwenye eneo la wazi la makumbusho.

Kwa watakaokwenda wenyewe, nawapa utaratibu tulioufuata, ambao niliuandaa mimi. Msianze na ukuta. Mgeni anayeanza na ukuta huuona mfupi, hupiga picha, na baada ya dakika kumi anauliza basi linaondoka saa ngapi. Anzeni ndani, kwenye filamu na maelezo ya historia, ndipo mtoke nje. Mkiwa nje, tembeeni kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa sababu kila kitu pale kilijengwa kumzuia anayetoka mashariki.

Ushahidi wake uko kwenye handaki la kuzuia magari, yaani mtaro mrefu uliochimbwa kando ya mpaka. Likague kwa makini: ukingo wa mashariki ni mteremko wa kawaida wa udongo, lakini ule wa magharibi umesimama na kuzibwa kwa mabamba ya zege. Gari linalotoka mashariki linateremka bila shida, kisha linagonga zege na kukwama. Linalotoka magharibi lingedondoka na kupanda upande wa pili. Serikali ya mashariki ilisema ngome hiyo ni kinga dhidi ya adui wa magharibi. Handaki lenyewe linakanusha. Vijana wetu walilizunguka handaki hilo kwa muda mrefu kuliko walivyokaa penginepo, na huo ndio ufahamu niliokuwa nautafuta nilipopendekeza safari hii.

Karibu na hapo kuna njia ya doria, safu mbili za mabamba ya zege yenye matundu. Kisigino kinanasa humo, na mvua ikinyesha panateleza, kwa hiyo viatu vya sherehe muviache nyumbani. Kuna pia ukanda wa udongo ambao ulikuwa ukilimwa na kusawazishwa kwa haro (reki kubwa ya shamba) ili unyayo wa mtu uonekane asubuhi. Ndipo unafika ukutani, na bado hujafika mpakani: ukuta ulijengwa nyuma ya kijito, ndani ya ardhi ya mashariki. Mtu wa magharibi aliyeruka Tannbach kufuata mpira alikuwa ameshaingia nchi nyingine, ingawa ukuta ulikuwa bado mbele yake.

Berlin ilifunguka tarehe 9 Novemba 1989. Hapa watu walisubiri mwezi mzima, hadi tarehe 9 Desemba, ndipo ikafunguliwa njia ya waendao kwa miguu. Tarehe 17 Juni 1990 tingatinga likauangusha sehemu kubwa ya ukuta, na kipande kikaachwa kwa ajili ya makumbusho. Lakini kijiji bado kina serikali mbili za mitaa: upande mmoja uko chini ya Gefell katika Thuringia, wa pili chini ya Töpen katika Bavaria. Namba za magari zinaanza na SOK upande wa Thuringia na HO upande wa Bavaria. Hata sikukuu haziendi pamoja: 6 Januari na 1 Novemba Bavaria wamepumzika na Thuringia wako kazini, 20 Septemba na 31 Oktoba ni kinyume chake.

Nimeulizwa kijiji cha wazungu hamsini kinatuhusu nini. Tunao wanachama wa Lunga Lunga, Kenya, na wa Horohoro, ng'ambo ya mpaka Tanzania. Mstari unaowatenganisha uliwekwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, na Wadigo wakabaki pande zote mbili. Anayetoka huko hahitaji kufafanuliwa maana ya kuwa na shangazi ng'ambo ya mpaka.

Korntal siidharau. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alifariki huko mwaka 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka mwaka uliofuata. Rebmann naye, mmisionari mwenzake wa Rabai, alifariki Korntal mwaka 1876. Ila Korntal inafikika kwa treni ya S6 kutoka Stuttgart siku yoyote, na makaburi hayahitaji siku nzima. Mödlareuth haina kituo cha treni. Bila basi la kukodi au gari lako hufiki kwa urahisi. Fedha ya chama itumike pale ambapo mwanachama peke yake hawezi kufika.

Sasa fedha. Basi la viti 49 liligharimu euro 1,150. Walioandikisha majina ni 46, waliofika asubuhi ni 27. Kwa mchango wa euro 25 kila mmoja tulipata 675, na pengo la 475 likazibwa na mfuko wa chama. Wangefika wote waliojiandikisha, mchango ungetimia euro 1,150 kamili na mfuko usingeguswa. Hasara hiyo ililetwa na viti vitupu, wala kijiji hakina lawama.

Ada nazo zinasikitisha. Tuko wanachama 84, ada ni euro 60. Waliolipa yote ni 37, waliolipa nusu ni 19, ambao hawajatoa hata senti ni 28. Tulitarajia 5,040, tumekusanya 2,790. Mikutano ndiyo hivyo: watu kumi na tano, kumi na wanane, na uliopaswa kuwa mkutano mkuu ishirini na moja. Inaniuma kuona mtu asiyelipa wala kuhudhuria akiandika ujumbe mrefu usiku wa manane kuhusu matumizi mabaya.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kwenda Korntal, hali ya mfuko ikiruhusu. Tunafikiria pia kuwapa watoto nafasi ya kuandika kwa Kiswahili waliyoyaona Mödlareuth, na panapo majaliwa kuyachapisha. Tarehe mpya ya mkutano mkuu itatangazwa na katibu. Kitabu cha stakabadhi kiko kwa mweka hazina, na ada inapokelewa hata kwa mafungu.