Bando likiisha, inafunguka? Barua kwa swahiba wa Nachingwea

Mtwara Mjini,
Novemba.

Swahiba wangu,

Habari za Nachingwea, na shemeji hajambo? Sisi huku tu wazima. Msimu umepamba moto, malori ya korosho yanaingia mjini usiku na mchana, na kuvuka barabara sasa ni kazi ya kuomba dua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata ule ambao jogoo alikuwa anachangia hoja. Nimeelewa hivi: umepata kompyuta tatu kuukuu, moja unataka iwe ya steshenari, moja itunze kumbukumbu za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ya kijijini kwenu, na ya tatu vijana wacheze gemu kwa kulipia. Tena fundi wa hapo kakwambia zote zipigwe Windows ya kuchakachua na kazi imekwisha. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana humu kuna amri ambazo lazima uzione kwa macho, halafu simu ya kwenu ina tabia ya kukatika mtu akifika kwenye jambo la maana.

Mimi kipimo changu cha programu ni kimoja: bando likiisha, inafunguka? Programu inayotaka kuuliza Marekani kila asubuhi kama ina ruhusa ya kufanya kazi, huku kwetu haitufai, hata iwe nzuri vipi.

Hilo la kuchakachua achana nalo. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni ambazo mashine zako hazina. Zipo njia za kuipitisha kwa nguvu, ila hicho kiprogramu cha kuvunja kufuli mara nyingi ndicho kinachoingia na virusi. Na wewe ni mtu wa steshenari. Kila anayeingia anakuja na flashi yake, ina cheti cha mtoto, ina barua ya kuomba kazi. Mashine yako ikiugua, umeuambukiza mji mzima mpaka Ruponda.

Weka Debian, mfumo endeshi wa Linux unaokaa mahali pa Windows. Mradi huu aliuanzisha Ian Murdock mwaka 1993, na hadi leo unaendeshwa na watu wanaojitolea, hauna tajiri wa kuamka siku moja akabadilisha masharti. Toleo la 13, wanaloliita Trixie, lilitoka Agosti 2025 na ghala lake lina vifurushi vya programu karibu 70,000. Vyote vya bure, na vyote vimepitia mikono ya mtu anayejulikana kabla ya kukufikia. Watakuja watu wa kukwambia Ubuntu ni bora, wengine watasema Mint. Zote nzuri, zote zimetoka kwenye ukoo huo huo wa Debian, mabishano hayo waachie wenye muda. Cha kuangalia kwanza ni kama prosesa ni ya biti 64, kwa sababu toleo hili haliwekwi tena kwenye zile za biti 32. Ukiona Core 2 Duo au ya baada ya hapo, endelea bila wasiwasi.

Sura ya mezani, yaani muonekano wa skrini na menyu zake, chagua Xfce. Nyepesi, ina menyu ya kawaida, mteja aliyezoea Windows hapotei. Na kama una hela ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye mashine hizo, usinunue RAM, toa diski ya zamani uweke SSD, diski ya kisasa yenye kasi, hata ndogo. Utaona kompyuta iliyokuwa inawaka hadi chai inapoa sasa inawaka kabla hujakaa vizuri.

Konda wa basi la asubuhi nimempa bahasha ina flashi mbili. Nyekundu ndiyo Debian yenyewe. Ichomeke, washa kompyuta kutokea kwenye flashi, uijaribu kwanza bila kugusa diski. Ukiridhika ndipo uisakinishe. Ikikuuliza nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, iache wazi, usiandike kitu. Ukiiacha wazi inakupa wewe mwenyewe mamlaka ya kutumia sudo, neno la kutolea amri kama msimamizi. Ukiijaza, kila amri ya sudo nitakayokutajia hapa itakukatalia.

Flashi nyeusi ina vifurushi nilivyokupakulia ili usimalize bando. Vimekaa kwenye folda moja. Fungua dirisha la amri ukiwa ndani ya folda hiyo, andika:

sudo apt install ./*.deb

Kwa vile utakavyoviongeza mwenyewe siku za mbele, tumia apt-get badala ya apt, hata kama kila mtu mtandaoni anaandika apt. Amri ya apt ikimaliza kusakinisha inafuta vifurushi ilivyopakua. Ile ya apt-get inaviacha kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Kwa hiyo unapakua mara moja kwenye kompyuta ya kwanza, unanakili kwenye flashi, na zile mbili zinakula bure. Watu wenye intaneti ya kumwaga hawana sababu ya kulijua hili. Sisi tunayo.

Steshenari haina maneno mengi. LibreOffice inafungua nyaraka za Word bila shida, lakini herufi zikikosekana mistari inahama, na barua ya ukurasa mmoja inamwaga sahihi kwenye ukurasa wa pili. Mteja hapo hakuelewi. Ndiyo maana kwenye flashi nimeweka Carlito na Caladea, herufi zilizochongwa kwa vipimo vile vile vya Calibri na Cambria. Nimeweka pia hunspell-sw, kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Bila hiyo, barua yote ya mwenyekiti wa mtaa inapigiwa mistari myekundu toka «Ndugu» mpaka «Wenu katika ujenzi wa taifa», na yeye anadhani umemkosoa. Picha za pasipoti fanyia GIMP, programu ya kuhariri picha.

Sasa AMCOS, na hapa usome taratibu.

Najua utataka kufungua jedwali la kawaida, kama la Excel, uanze kuandika majina. Utakwenda vizuri wiki ya kwanza. Halafu mkulima mmoja ataandikwa Mohamedi leo, Mohammed kesho, na siku ya tatu karani mwingine ataandika Muhamadi, na siku ya malipo utakuwa na wakulima watatu na mlalamikaji mmoja. Kumbukumbu za watu na fedha zao zinataka hifadhidata, na mimi nimekuchagulia SQLite.

SQLite aliiandika Mmarekani D. Richard Hipp, ikatoka mwaka 2000, na hakimiliki yake ameiacha mikononi mwa umma, maana yake hata leseni haina. Umeshaitumia bila kujua, kwa sababu imo ndani ya kila simu ya Android. Taarifa zako zote zinakaa kwenye faili moja. Faili moja, swahiba! Unalinakili kama unavyonakili wimbo. Utasikia sifa za PostgreSQL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley mwaka 1986, na za MariaDB, ambayo Monty Widenius aliipa jina la binti yake mdogo kama MySQL alivyoipa la mkubwa. Sifa hizo ni za haki. Lakini hizo zinataka seva iwe macho muda wote, watumiaji, nywila, na mtu wa kuilea. Kwa karani mmoja na kompyuta moja ni sawa na kufungua duka la jumla ili uuze kiberiti. Siku mtakayokuwa na makarani watatu wanaandika kwa pamoja toka kompyuta tofauti, hapo nitakuja mwenyewe kukuwekea PostgreSQL, kwa sababu SQLite inaruhusu mwandishi mmoja kwa wakati mmoja.

Kwenye kuandika, tumia DB Browser, dirisha la kufungulia faili la SQLite, kifurushi chake kinaitwa sqlitebrowser. Tengeneza majedwali manne. La wanachama liwe na namba ya uanachama, jina, kijiji na simu. Namba ndiyo mwenye nyumba, jina ni mgeni tu. La mapokezi liwe na namba ya risiti, namba ya mwanachama, tarehe, kilo na daraja. Bei usiiweke hapo hata kidogo. Tangu korosho ziingie kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/2008, mkulima akikabidhi mzigo bei bado haijazaliwa, inakuja mnadani, na mnada wa wiki hii si wa wiki ijayo. Kwa hiyo minada iwe na jedwali lake lenye tarehe, daraja na bei ya kilo, na kwenye mapokezi uongeze safu ya kuonyesha mzigo huo uliuzwa mnada upi. La nne ni la makato, kila kato na mstari wake na sababu yake, maana hapo ndipo ugomvi wote wa vyama unapozaliwa, na mkulima akiuliza «mia hii ya nini?» uwe na jibu linalosomeka.

Fedha ziandike kwa shilingi kamili, tarakimu tupu, bila koma wala neno. Tarehe anza na mwaka, hivi: 2025-11-03, ukiipanga inajipanga yenyewe. Halafu mwenyekiti akikuuliza nani kaleta kiasi gani, huna haja ya kikokotoo, iandikie hifadhidata amri hii:

SELECT namba_mwanachama, SUM(kilo) FROM mapokezi GROUP BY namba_mwanachama;

Sasa umeme. Unajua siku ya kupima ilivyo, foleni ya magunia mpaka chini ya mwembe, na umeme unachagua saa hiyo hiyo kuondoka. SQLite ikianza kuandika badiliko, huweka kwanza pembeni kumbukumbu ya hali iliyokuwepo, kwenye faili lenye jina lile lile la hifadhidata likiishia na -journal. Umeme ukikatika katikati ya risiti, faili hilo linabaki. Ukiwasha na kufungua tena, linasomwa, mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa yanafutwa, na kila kitu kinarudi pale kilipokuwa ulipohifadhi mara ya mwisho. Unayaandika upya na foleni inaendelea. Kwa hiyo ukiliona faili hilo la ajabu baada ya umeme kurudi, tafadhali usilifute ukidhani ni uchafu. Ndilo linalokulinda. Kila jioni funga programu, nakili faili kwenye flashi, na flashi hiyo isilale chumba kimoja na kompyuta. Vitabu vya chama vya karatasi viendelee kama kawaida.

Haya, gemu. Nilijua umeniuliza hili la mwisho lakini ndilo lililokuamsha usiku.

Mimi na wewe tumelelewa na zile mashine za gemu za Kichina zilizoiga Famicom ya Nintendo, kaseti ya njano imeandikwa gemu 9999 na ukizipitia unakuta ni chache zinazojirudia kwa majina ya uongo. Famicom yenyewe ilitoka Japani mwaka 1983 ikiwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2. Super Mario Bros. ya 1985, dunia zote nane, na kasri zake, na yule joka, imekaa kwenye kilobaiti 40! Picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp ni kubwa kuliko hiyo. Ndiyo maana kompyuta yako kuukuu inaweza kujifanya Famicom bila kutoa jasho. Programu za kujifanya hivyo zinaitwa emuleta, na kwenye ghala la Debian zipo FCEUX, Nestopia na Mednafen, zote huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote.

Tatizo ni gemu zenyewe. Emuleta ni halali. Yaliyomo kwenye kaseti yana wenyewe, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Kucheza nyumbani kaseti yako ya utotoni ni jambo lako. Kutoza vijana hela kwa gemu ya Nintendo uliyoiokota mtandaoni ni biashara ya mali ya mtu, na wewe una leseni ukutani, usijitafutie. Weka gemu huria, ambazo leseni yake inakuruhusu hata kutoza.

Anza na SuperTux. Ni Mario kabisa kwa kuruka na kukanyaga, ila shujaa ni pengwini wa Linux, ambaye watoto wa hapa dukani kwangu wanamwita bata na hakuna wa kuwabadilisha. Frozen-Bubble inachezwa na wawili kwenye kibodi moja. Hiyo ndiyo itakayokuingizia hela, kwa sababu aliyefungwa hakubali kuondoka. SuperTuxKart, mbio za magari, nzuri sana lakini inataka kadi ya picha yenye nguvu, ijaribu kabla hujaitangaza. Kwa wakubwa ipo Freedoom. Doom ya 1993 ilifunguliwa msimbo wake mwaka 1997, na Freedoom ni watu waliochora upya kila picha na kila zimwi ili gemu nzima iwe huria. Watoto wadogo usiwawekee, damu ni nyingi. Wenye Kiingereza chao wape ScummVM, programu ya kuendeshea gemu za zamani, na Beneath a Steel Sky, gemu ya mafumbo ya 1994 ambayo wenyewe waliifanya ya bure mwaka 2003, ila hii leseni yake hairuhusu kuitoza hela, wacheze bure. Inasomwa kama hadithi, mwanafunzi wa kidato cha tatu atatoka hapo na msamiati.

Pedi za kuchezea za USB za bei nafuu Linux inazitambua zenyewe. Na gemu zisiguse kompyuta ya AMCOS hata siku moja, hata mpwa wako akilia.

Kama hela ni ya kubana, UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ya kompyuta ya AMCOS itangulie, printa ifuate, pedi mwisho. Wakati wa kusakinisha, ukifika kwenye ukurasa wa kugawa diski na ukaona maneno usiyoyaelewa, usibonyeze kitu, nipigie baada ya isha, wakati huo mtandao wenu huwa na adabu.

Shemeji mwambie nimemsalimu sana, na konda akirudi asije mikono mitupu wakati kwenu ming'oko ipo.

Wako,
Fundi wa Chikongola